Kete ya Kumi na Mbili

Kila alasiri, akishatoka shule na kubadilisha nguo, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumwangalia mdogo wake, Bonge, mpaka mama atoke kazini. Jina la Chiriku alipewa na baba kwa ajili ya mdomo wake. Tangu aamke hadi alale, haukuwa na nukta wala mkato. Bonge naye alikuwa na miezi tisa na mashavu ya kuwatosha watoto wawili.

Baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na chini yake palikuwa na kopo la betri zilizokwisha, zile bapa za duara zinazong'aa. Kuhusu kopo hilo amri ilikuwa fupi: "Ukilifungua, mimi na wewe tutaonana."

Siku hiyo baba alitoka kumpelekea mteja saa ya ukutani. Mara rafiki yake Chiriku, binti wa jirani, akaingia na ubao wa drafti. Vizibo vya soda alikuwa navyo kumi na viwili tu.

"Na mimi nicheze na nini? Kucha?" Chiriku aliuliza.

"Usitafute visingizio. Sema tu unaogopa kufungwa."

Chiriku akapandwa na mori. Alilivuta kopo, akachagua betri kumi na mbili zilizolingana, pana kama sarafu. Zikawa kete zake. Wakajipanga kwenye mkeka, na kete zilizoliwa wakaziweka pembeni, huko huko alikokuwa akitambaa Bonge.

Chiriku hakumhofia. Nani alimjua Bonge kama yeye? Alikuwapo siku aliyokaza shingo, siku aliyojipindua mwenyewe akashangaa, siku aliyokaa bila mto. Alijua pia kwamba kitu kidogo kilimshinda: hukikokota kwa kiganja kizima kama mtu anayekusanya majani, kikamponyoka, naye akanuna.

Lakini asubuhi ile ile Bonge alikuwa ameokota chembe ya mkate kwa ncha ya kidole na gumba, taratibu, kama baba anavyoshika skrubu ya saa. Mama alipiga vigelegele, Chiriku akacheka hadi machozi. Sasa, katika joto la mchezo, hakulikumbuka hilo hata kidogo.

Mchezo ulipokwisha, rafiki akaondoka na ubao wake. Chiriku akazirudisha betri koponi huku akihesabu. Kumi na moja. Alizimwaga, akahesabu tena. Kumi na moja. Akainua mkeka, akapekua chini ya meza, akatazama ndani ya viatu.

Ndipo Bonge alipokohoa.

Kikohozi kilikuwa kikavu. Mate yalimtiririka mpaka kifuani. Chiriku alimpa chupa ya maziwa, Bonge akaisukuma, akalia kwa sauti ya kukwaruza ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. Chiriku alilifunika kopo, akalisukuma mahali pake, na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

"Ana nini huyu?" baba aliuliza.

"Amemeza... amemeza sarafu, baba."

Neno lilimtoka lenyewe. Baba hakuuliza zaidi. Alimnyakua Bonge, wakakimbia mpaka hospitali, mtaa wa pili, Chiriku akiwa na kandambili moja mguuni.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimsikiliza Bonge kifua. "Anapumua vizuri. Msimpe chochote. Nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Mimi ni fundi saa, dokta."

Daktari aliinua macho. "Una hakika si betri?"

"Betri ziko kwenye kopo lake, hazigusiki. Na binti yangu ameona kwa macho yake. Huyu ana maneno mengi, lakini hanidanganyi."

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu.

"Basi shukuruni. Sarafu inaweza kusubiri, na chumba cha picha za eksirei kina majeruhi wa ajali. Ingekuwa betri, hata iliyokwisha, ningewaomba watupishe sasa hivi. Ikikwama kooni, saa mbili tu zinatosha kuunguza nyama."

Daktari akageuka. Ukutani saa ilikuwa ikitembea, tiki, tiki, tiki, na Chiriku aliona kila hatua yake ikikanyaga koo la mdogo wake. Alifungua kinywa. Hakikutoa kitu. Yeye, Chiriku! Alitazama uso wa baba uliomwamini, akatamani ardhi impasukie. Bonge akakohoa tena.

"Ni betri!" alipiga kelele. "Nilifungua kopo, nilichezea drafti, zilikuwa kumi na mbili! Si sarafu, ni betri!"

Daktari tayari alikuwa amembeba Bonge, anakimbia.

Walisubiri kwenye benchi, baba na binti, kila mmoja akiitazama saa ya ukutani. Mama, aliyepigiwa simu na baba, alifika na aproni ya kazini, akasimama mlangoni akishika ukuta.

Hatimaye daktari alitoka na kibakuli. Ndani yake kulikuwa na betri, ukingo wake umeshakuwa mweusi. "Tumeitoa kwa mpira mwembamba wenye taa. Koo limeanza kuungua, atalala hapa siku kadhaa. Lakini atapona. Tungesubiri zamu, nisingewaambia hivyo."

Mama alikaa chini, akalia. Chiriku akamgeukia baba. "Nisamehe, baba. Niliogopa."

Baba aliitazama betri. "Hata mimi nina kosa. Kopo la hatari nimeliweka chini, pale pale anapotambaa. Nilidhani hawezi."

"Kosa hilo ni la wengi," alisema daktari. "Mtoto mchanga hapimwi kwa alivyokuwa jana, maana kila siku anaamka na jambo jipya. Na wewe, mwanangu, kuogopa si kosa. Lakini siku nyingine sema kwanza, ndipo uogope. Leo ulichelewa kidogo tu, na ona."

Bonge aliporudi nyumbani, kopo lilikuwa limehamia kwenye kabati la juu, lenye kufuli. Kabla ya kumtua mkekani, Chiriku alilala kifudifudi, shavu sakafuni, akaitazama sebule kwa macho ya mtu wa miezi tisa. Chini ya mguu wa meza, kitu kiling'aa. Skrubu.

"Baba!" aliita papo hapo. "Kuna skrubu hapa!"