Kidole Gumba cha Bibi

Chiriku hakupewa jina hilo la utani bure. Akitoka shuleni, kabla hata hajavua viatu, alikuwa ameshamsimulia bibi yake nani kagombana, nani kalia. Bibi alimsikiliza huku amenyoosha mikono mapajani, na mjukuu akimpaka mafuta kidole kimoja kimoja. Bibi alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Sindano na mkasi vilikuwa vimemsugua kidole gumba hadi mistari yake haikuonekana tena.

Siku za Jumanne, mama yuko kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikuja Mjomba Tai. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi, na aliitwa hivyo kwa sababu hata kwenye jua kali havui tai. Alitoa mkobani kimashine kidogo cha kusoma alama za vidole, akachukua kitambulisho cha Bibi kabatini.

"Ni orodha ya dawa za wazee," alisema. "Weka kidole hapo, Shangazi."

Kimashine kilikataa. Kililia pii, taa nyekundu ikawaka. Chiriku ndiye aliyegundua ujanja: ukikipulizia kidole pumzi ya moto, kisha ukakibonyeza kwenye ukucha, taa inageuka kijani.

"Looo! Nimepata karani!" Mjomba alimpigia makofi. "Lakini karani hodari ana siri. Mama yako asijue, tusimchoshe bure."

Basi Chiriku, ambaye hata akila huongea, akanyamaza kwa wiki saba. Kuitwa karani ni jambo kubwa ukiwa na miaka kumi na miwili.

Jumanne ya nane alichelewa kutoka shuleni, akapishana na Mjomba mlangoni. Mjomba hakusalimia. Ndani, Bibi alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja kauficha chini ya kanga. Chiriku alipouvuta taratibu ili aupake mafuta, aliona kifundo kimevimba na kina alama nyekundu.

"Umefanyaje, Bibi?"

"Nimejigonga mlangoni."

Chiriku aliweka mkono wake juu ya zile alama bila kugusa. Vidole vinne upande huu, gumba upande ule.

"Bibi, mlango gani huo wenye vidole vitano?"

Bibi aligeukia ukutani. "Wewe nawe maswali! Kaoge."

Ijumaa simu ya Bibi ikakatika mawasiliano. Jumamosi mama aliwachukua wote wawili hadi duka la simu. Msichana wa miwani aliyekuwa kaunta alibonyezabonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Bibi, una laini kumi na tisa."

"Mimi? Hii moja yenyewe nasahau kuichaji!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Msichana hakucheka. "Tatu zimetumika kutapeli watu, ndiyo maana zote zimefungwa. Polisi watamwita aliyezisajili, na jina ni lako. Kidole pia ni chako."

"Mama, kitambulisho chako ulimpa nani?" mama aliuliza.

"Sijampa mtu," Bibi alijibu. Aliuficha mkono wake chini ya kanga.

Msichana akaanza kusoma tarehe ambazo laini zilisajiliwa. Chiriku aliifuata kila tarehe kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani. Jumanne. Jumanne. Jumanne tena. Akisema, itajulikana kuwa yeye ndiye aliyekibonyeza kidole kile, na mbele ya watu wote hawa! Akinyamaza, Bibi ataitwa tapeli.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mimi na Mjomba Tai. Mimi nilikuwa nakipulizia."

Akaeleza yote, hata zile alama kwenye kifundo cha mkono wa Bibi. Hapo Bibi akaanza kulia.

"Alisema nikifungua mdomo, atawaambia akili zangu zimeruka, mnipeleke nyumba ya wazee. Jumanne mtoto hakuwepo, kidole kikakataa, akaukamata mkono wangu akauminya."

"Nikupeleke wapi, Mama?" Mama alimkumbatia palepale kaunta. "Nani sasa atakuwa ananigombeza?" Bibi akacheka huku anafuta machozi.

Moja kwa moja walikwenda kituoni. Askari wa kike, mpole lakini mwenye kalamu kali, aliandika kila neno.

"Huyu bwana atakuja Jumanne?"

"Hajawahi kukosa, afande," alisema Chiriku.

Na kweli hakukosa. Siku hiyo mama alikuwa ameomba ruhusa kazini. "Hodi! Karani wangu yupo?" aliita Jumanne iliyofuata.

"Karibu," askari alijibu kutoka jikoni. "Karani yupo, na mimi nipo."

Mkobani mwake kulikutwa kile kimashine, pamoja na nakala za vitambulisho vya wazee wengine kumi na mmoja. Laini kumi na nane zilifutwa. Ile moja ya Bibi ilirudi siku hiyo hiyo, akampigia dada yake, wakaongea mpaka chaji ikaisha.

Lakini kabla askari hajaondoka, Chiriku alikuwa na swali moja. "Afande, mimi nitafungwa?"

"Hapana, mwanangu. Wewe ulidanganywa. Lakini sikiliza: mtu mzima akikuambia mama asijue, siku hiyo hiyo nenda kamwambie mama. Siri ya zawadi inafurahisha ikifichuliwa. Siri inayomuumiza mtu haina haki ya kutunzwa, hata kama na wewe umo ndani yake."

Chiriku akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Ndipo Bibi akasema kutoka kitini:

"Na mimi nimejifunza uzeeni. Niliogopa kuonekana mzigo, nikadanganya kuhusu mlango, mtoto akabeba siri peke yake. Kuanzia leo nikiumizwa nitasema, na nyinyi mtanisikiliza."

"Tutakusikiliza, Mama," mama alisema, akavuta kiti, akaketi karibu yake.