Umeshindwa Vizuri, Mpenzi

Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni, na kila mtu ameinamia simu yake. Kinyozi, shati jeupe limenyooka kwa pasi, aligusa alama ya kufuatilia habari kwenye gazeti la mtandaoni. Kioo kikajaa mabano na maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Simu imeingia virusi," alinong'ona.

Nyuma yake mwanamke wa gauni la kijani aliangua kicheko. "Haina virusi, kaka. Hayo ni maandishi ya mashine. Tulisahau kuweka ya watu."

"Mlisahau nyinyi akina nani?"

"Mimi ndiye fundi wa ukurasa huo."

"Basi, Fundi, unatutesa."

Walipofika dirishani walikuwa wameshapeana namba, na mapenzi hayakukawia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?"

Wapendanao wote husema hivyo. Hawa wawili walidhani wameyabuni wao.

Kazini, Fundi alikuwa akiutengeneza upya ukurasa ule, ili msomaji akigusa ile alama apate vichwa vya habari na maelezo mepesi ya namna ya kuvifuatilia. Alimwomba Kinyozi aujaribu, akamrekodi. Kinyozi alibofya huku, akabofya kule, jasho likamtoka. Kesho yake video ilionyeshwa ofisini, na jioni Fundi akapiga simu kwa furaha.

"Mpenzi, umeshindwa vizuri! Wenzangu wamecheka mpaka machozi. Sasa tunajua pa kurekebisha."

Katika kazi ya Fundi, hiyo ilikuwa sifa. Kwa Kinyozi lilikuwa kofi.

"Na wewe ulicheka?"

"Kidogo tu."

Kinyozi akakata simu. Kila Fundi alipopiga tena haikupokelewa. Siku zikapita, ukurasa ukakamilika, bosi akamsifu mbele ya wote, naye akaenda kulia chooni. Alijua kabisa kwamba anampoteza mtu anayempenda.

Jumamosi akajitoma kwenye duka la Kinyozi. Viti vyote vilikuwa na watu.

"Nimekuja tuelewane. Kosa lilikuwa la ukurasa, si lako."

"Hilo najua," Kinyozi alisema, mashine ikinguruma mkononi. "Lakini ulinicheka mbele za watu. Usiniombe radhi pembeni."

Fundi aliwatazama wateja, mmoja ana povu kidevuni. Uso ulimwaka moto.

"Jamani, huyu nampenda. Wenzangu walimcheka, na badala ya kumtetea nikacheka nao. Nimekosa. Nisamehe, mpenzi."

Wateja wakamgeukia Kinyozi.

"Msamehe, bwana," alisema mteja aliyenyolewa upande mmoja. "Mimi nina safari."

Kinyozi alizima mashine. Alitaka kuendelea kununa, tabasamu likamponyoka.

"Mama yako anapokea wageni lini?"

"Wageni gani?"

"Mimi na baba yangu."

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja.

"Hata kesho," alisema.