Mwenye Nyumba Aliyeogopa

Apolinaria alikuwa akipepeta mtama uani kwake Isevya, lakini mawazo yalikuwa mbali. Binti yake Pelagia alikuwa aolewe baada ya Noeli, na shangazi wa bibi arusi alikuwa ameapa kutokanyaga arusini. Hebu fikiria! Arusi bila shangazi, nani amfunde mwali? Nani amsindikize kwa mumewe?

Shangazi huyo ni Tekla, dada wa Sylvester, mume wa Apolinaria. Miaka mitatu nyuma, mwaka wa ndui, Tekla alifika kutoka Igunga na mtoto mwenye homa mgongoni. Apolinaria alimfungia mlango. Mtoto alipona, tena haikuwa ndui. Sasa Tekla alikuwa amehamia Kanyenye, mtaa usio mbali, na mawifi hawa hawakusalimiana hata kanisani.

"Kamwombe radhi," Sylvester alisema.

"Nimekwenda mara mbili. Ananigeuzia kisogo. Nipige magoti barabarani?"

Jumapili ile katekista Nikolaus aliwabakiza Wakristo baada ya sala.

"Kila Noeli tunakariri mchezo wa kijitabu," alisema, "na kila Noeli mnasinzia. Mwaka huu tutunge wenyewe. Yosefu na Maria wanapita njia yetu ya misafara, mizigo kichwani. Wanafika hapa Isevya. Nini kinatokea?"

Watu wakachangamka. Vijana wakataka kuwa wapagazi, akina mama wakataka ngoma. Lakini ilipofika zamu ya mwenye nyumba anayewafukuza wageni, loo, kila mtu akaangalia chini. Waliamini kwamba ukiigiza ubaya, ubaya utakuganda.

"Anayeigiza mgonjwa haugui," Nikolaus alisema. "Tena, nani anajua kwa nini yule mtu alikataa?"

"Aliogopa," Apolinaria akasema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

"Basi wewe ndiwe mwenye nyumba. Hakuna kitabu. Sema uonavyo."

Tekla alikuwa mle mle, kati ya waimbaji. Msichana aliyeigiza Maria akabisha hodi. Apolinaria akasimama nyuma ya mkeka uliofanywa mlango.

"Nina watoto wanne ndani," akasema. "Jana tumemzika jirani. Nakuonea huruma, mwenzangu, lakini naogopa. Naogopa mno!" Akalia machozi ya kweli.

Tekla akainuka. "Kwa nini hukuniambia hivyo siku ile? Nilidhani umenidharau!"

"Niliona haya, wifi. Nisamehe."

Tekla akaja mbele. Alitaka kugomba, uso ulionyesha, lakini akashindwa. Akamshika mkono.

"Ungeniletea hata uji pale nje," alisema, "nisingekasirika miaka mitatu, we mwanamke!"

Watu wakaangua kicheko, na Apolinaria naye akacheka huku akifuta kamasi. Moyo ulikuwa mwepesi hata akashangaa.

"Ndiyo maana tunatunga pamoja," Nikolaus akasema. "Kijitabu hakijui yaliyotupata sisi. Tukitunga wenyewe, kila mmoja analeta la nyumbani kwake, na mwenzake analisikia bila mtu kusutwa. Haya, mchezo uendeleeje?"

"Mwenye nyumba apeleke uji zizini," Tekla akajibu upesi.

Wote wakakubali, na siku ya Noeli ikawa hivyo. Apolinaria alipotokea na kibuyu cha uji, vigelegele vilijaa kanisa. Hakuna aliyesinzia. Baadaye mama mmoja alimnong'oneza Nikolaus kwamba mwaka ujao naye ana jambo la kuleta.

Tekla alifika siku nne kabla ya arusi, akamfunda mwali, kisha akaliteka jiko lote.

"Wifi, chumvi haitoshi! Wifi, kuni hizi mbichi!"

Sylvester akanung'unika kwamba sasa nyumba imekuwa ya dada yake.

"Mwache aseme," Apolinaria akajibu, akiongeza chumvi. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemwita wifi.