Mlinzi wa Juu ya Paa

ALHAMISI. SAA 10:20 JIONI.

Chumba cha nyuma ya karakana, Katesh. Dirisha limezibwa kwa bati. Mezani chupa tatu za soda na spana moja, namba kumi na saba.

Sylvester aliisukuma ile spana kwa kidole mpaka ikafika mbele ya Hermani.

"Sema tena. Nati ngapi?"

"Nne. Mbili juu, mbili chini."

"Ziko nje?"

"Ziko nje."

Alex, dereva wa kenta, alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Fundi gani anaweka nati za bawaba za mlango kwa nje? Si ungemwachia mwizi na funguo kabisa!"

Hermani hakucheka. Siku alipoufunga mlango ule, rodi za kuchomelea zilimwishia, na jua lilikuwa linazama. Alimwambia mwenye nyumba, kesho nitarudi nizichomelee vichwa zisifunguke. Kesho hiyo ikawa miezi mitano. Halafu siku moja, pombe kichwani, akamsimulia Sylvester kama kichekesho. Neno likishatoka mdomoni, haliulizi njia ya kurudi.

Nyumba yenyewe ni ya Bibi Natalia, Gitting. Mjane. Mwanawe Nicodemo yuko Arusha, na tangu nyumba ya jirani ivunjwe mwaka jana aliizungushia ya mama yake kila kinga aliyoisikia. Madirisha yana grili. Juu ya ukuta wa mbele na wa pembeni, vipande vya chupa. Pembeni taa ya sola inayowaka yenyewe. Getini mbwa. Na ndani, stooni, magunia arobaini ya vitunguu saumu yanasubiri bei ipande.

"Jumapili askofu anatoa kipaimara," Sylvester alisema. "Mjukuu wa yule bibi yumo. Kijiji chote kitakuwa kanisani."

"Hata kuku watakwenda," alisema Alex.

"Kenta inaingia kwa nyuma, kwenye mikaratusi. Huko ukuta haujaisha. Mbwa anamjua Hermani. Mlango anaufungua Hermani. Kofia za kininja mpaka shingoni. Hakuna majina. Hakuna maneno."

"Na kama kuna mtu?" Hermani aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Nauliza kama."

Sylvester alilamba kidole, akakipitisha shingoni. "Haki ya Mungu, hakuna atakayeumia. Na kazi ikiisha, ile mashine ya kuchomelea unayoitumia kwa kuniomba, ni yako."

Hermani aliiokota spana. Ilikuwa baridi.

JUMAPILI. SAA 3:05 ASUBUHI.

Kenta ilipanda taratibu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mlima Hanang hauonekani hata unyayo. Kutoka ng'ambo ya korongo, kilimani, kwaya ilisikika ikiimba kanisani.

Hermani alikaa katikati, magoti yamebana. Hakutaka kukumbuka, lakini tumbo lina kumbukumbu yake. Siku kumi alizofanya kazi kwa yule bibi, alikula makande mchana, jioni maziwa mgando ya kibuyu. Wala hakula na vibarua nje. Alikula jikoni, kwenye kigoda, moto ukimwangalia. Na kila akishika kijiko, bibi alikuwa na lake.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mlinzi wangu hana rungu, hana mbwa. Akisimama juu ya paa, majirani wanatulia. Akiondoka, majirani wanakuja mbio."

"Taa ya sola."

"Hiyo imekuja juzi. Mlinzi wangu alimlinda hata mama yangu."

"Paka?"

"Paka gani anayeita majirani! Nipe mji."

"Sikupi bibi. Nitakipata."

"Basi kaa nacho," bibi alisema, akamwongezea makande. "Kitakuwasha."

"Unawaza nini?" Sylvester aliuliza.

"Nati," alisema Hermani.

SAA 3:40.

Mbwa alikuja mbio, akanusa suruali ya Hermani, akatikisa mkia. Jina lake Askari. Hermani alimkuna shingoni.

Nati ya kwanza ilikuwa na kutu. Ya pili ikafuata. Ya tatu. Ya nne. Mlango wa chuma, kufuli lake kubwa likining'inia bila kazi, ulinyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Dakika nne. Kufuli la Nicodemo halikuguswa.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Huo Hermani aliuchomelea siku ya kwanza, rodi zikiwa tele, bibi amemsimamia. "Huu uwe kama wa benki," alimwambia, "huku ndiko tumbo langu liliko." Bawaba zilikuwa ndani, komeo la ndani, la mtu kujifungia, nene kama dole gumba. Hermani aliupita bila kuutazama.

Gunia. Gunia. Gunia. Harufu ya vitunguu saumu iliwaingia puani, kwenye kofia, kwenye jasho. Sylvester alibeba bila kuhema. Alex alipanga kwenye kenta.

SAA 3:58.

Ukungu ulianza kunyanyuka. Hermani alitoka na gunia la kumi na moja mgongoni, akainua macho.

Jiko la bibi liko uani, limejitenga na nyumba, paa lake la nyasi. Juu ya paa hilo moshi ulikuwa unapanda. Mnene, mweupe, wa mtu anayechochea.

Alitua gunia. Kabla hajapata la kufanya, Bibi Natalia akatoka mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nyuma yake chungu kikubwa kilikuwa kinachemka. Makande ya sherehe. Wageni wa kipaimara hawali nyimbo.

Walitazamana. Hermani alikuwa na kofia mpaka shingoni. Macho tu ndiyo yaliyoonekana.

Lakini Hermani alilelewa Mbulu. Kwao mtoto asiyeamkia wakubwa alionja kofi kabla ya uji. Mdomo haukumngoja.

"Shikamoo bibi."

Bibi alimtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Marahaba, Hermani," alisema. "Umekuja kumalizia nati?"

SAA 4:02.

Sylvester alitokea na panga. Hakupiga kelele. Hapo ndipo Hermani alipomwogopa.

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Mimi na mguu wangu," alisema bibi. "Ungekuwa mzima ningekuwa kanisani nakuombea."

"Funga mdomo." Sylvester alitazama juu. "Na huo moshi ni wa nini? Moshi unaita watu!"

Sylvester alikulia mjini, kwenye jiko la gesi. Aliingia jikoni, akashika ndoo ya maji, akaimwaga yote mafigani. Moto ulilia kama nyoka. Wingu la majivu likatoka mlangoni, likapanda, likakatika. Juu ya paa pakabaki anga tupu.

Bibi hakutazama panga. Alitazama paa. Halafu akatazama ng'ambo ya korongo, kule kanisani, ambako wanawake wenye watoto wachanga hukaa nje, na kutoka pale kila jiko la kijiji linaonekana. Halafu akamtazama Hermani.

Kile kitendawili kilimwasha. Kweli kilimwasha, kuanzia kisogoni mpaka miguuni.

*Akiondoka, majirani wanakuja mbio.*

Angeweza kusema. Neno moja tu: washa. Sylvester angewasha, wangemaliza magunia yao na kuondoka. Hermani alifunga mdomo.

SAA 4:12.

Magunia ishirini na mawili yalikuwa yamepakiwa. Sylvester alimvuta Hermani pembeni, akamwekea panga mkononi.

"Amekujua."

"Sylvester, twende. Ni kikongwe."

"Ana jina lako. Leo jioni polisi watakuwa nalo. Kesho watakuwa na langu."

"Uliapa."

"Niliapa kabla hujaamkia."

Alex aliita kutoka kwenye mikaratusi. "Mnafanya nini huko? Twendeni!"

"Dakika mbili!" Sylvester alijibu. Akamgeukia Hermani, sauti chini. "Ni wewe au ni mimi. Mimi nikifanya, nitaanza na wewe."

Hermani alilishika panga. Mpini ulikuwa na jasho la mwenzake. Alitazama kilimani. Hakuna mtu. Kwaya bado inaimba. Labda hawajaona. Labda leo hakuna anayetazama majiko, kila mtu anamtazama askofu.

"Si hapa nje," alisema. "Stooni."

"Haya. Haraka."

Alimshika bibi mkono. Mkono mwepesi, umekauka kama gunzi. Bibi alichechemea pembeni yake bila kuuliza. Waliingia nyumbani, wakafika stooni, Sylvester nyuma yao hatua tano. Hermani alimtanguliza bibi, akaingia, akauvuta mlango. Akalisukuma komeo.

Lilijibu, *kla*.

SAA 4:15.

Sylvester alianza na bega. Akaja na teke. Halafu akaleta nondo.

"Fungua, mbwa wewe! Hermani! Nitakuchoma humo humo!"

Mlango ulipigwa, ukalia, ukasimama. Giza lilijaa vumbi na harufu ya vitunguu. Hermani aliegemea chuma kwa mgongo, kila pigo likimpita mbavuni. Alikuwa anahesabu maungio kwa kumbukumbu. Juu niliunga mara mbili. Kati mara mbili. Chini je? Chini niliunga mara mbili?

Bibi alikuwa amekaa juu ya gunia, anahema.

"Umeniletea watu nyumbani," alisema.

"Ndiyo bibi."

"Nilikulisha."

"Ndiyo bibi."

Pigo. Vumbi likamwagika kutoka darini.

"Kitendawili changu bado unacho?"

Hermani alijifuta uso kwa ile kofia, akaitupa chini.

"Ni moshi, bibi."

Bibi alijiweka sawa juu ya gunia.

"Umechelewa," alisema. "Lakini umepata."

Pigo jingine. Kisha kimya. Na ndani ya kimya kile, kutoka mbali, ng'ambo ya korongo, sauti ya mwanamke ilipanda. Yowe. Refu, la kukata anga. Jingine likalipokea. Halafu yakawa mengi, yanashuka korongo pamoja, na kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

Honi ya kenta ililia mara moja. Injini ikanguruma.

"Alex!" Sylvester alipiga kelele. "Alex, ningoje!"

Alex hakumngoja. Kenta iliondoka na bodi wazi, magunia yakidondoka njiani kama mavi ya punda.

Nondo ilianguka sakafuni. Miguu ikakimbia. Nyuma hakuna tena kenta, na watu walishaanza kupandia huko. Sylvester alikimbilia ukuta wa pembeni. Vile vipande vya chupa vya Nicodemo, siku ile vilipata kazi.

SAA 4:31.

"Mama Nicodemo! Uko hai?"

Ilikuwa sauti ya Gaudensia, jirani wa upande wa chini.

"Niko hai!" bibi alijibu. "Ila wamenizimia chungu!"

"Tumeona! Nilisema, moshi wa Mama Nicodemo umekatika ghafla, na wageni hawajala? Kuna jambo. Uko na nani humo?"

Bibi alimgeukia Hermani. Nje fimbo zilikuwa zinagonga ukuta. Watu walikuwa wengi, na hasira yao ilisikika inapumua.

"Fungua," bibi alimwambia.

"Wataniua."

"Komeo lako gumu. Mikono yangu hailiwezi."

Hermani alikaa na mkono juu ya lile komeo. Alilitengeneza mwenyewe, akalipiga msasa, akalipaka grisi. Alilivuta. Liliteleza bila sauti.

Mwanga uliingia na fimbo ya kwanza ikaingia nayo, ikamkuta begani. Ya pili ilimkuta sikioni. Ya tatu ilikwama hewani, kwa sababu Bibi Natalia alikuwa amesimama katikati, mwiko bado mkononi.

"Huyu ni wa polisi. Mjukuu wangu Angela anapakwa mafuta leo. Sitaki damu uani kwangu."

"Bibi, ni mwizi!"

"Najua ni mwizi. Nimekaa naye gizani, wewe hukukaa naye. Mfungeni."

SAA 6:15 MCHANA.

Gari la polisi lilisimama getini. Alex alishakamatwa njiani. Polisi walipomsimamisha aliwaambia amebeba mkaa. Hata aliyekuwa na mafua aliisikia harufu ya vitunguu, akacheka.

Sylvester alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa, viganja vimechanika.

"Ulijua," alimwambia Hermani. "Habari ya moshi ulijua, ukanyamaza."

"Nilijua."

Sylvester alitema mate kwenye vumbi.

Waliinuliwa. Uani wanawake walishayapanga mafiga upya, Gaudensia amepiga magoti anapuliza. Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, Angela pembeni yake na gauni jeupe. Askari, yule mbwa, alimfuata Hermani mpaka kwenye gari, anatikisa mkia. Yeye hakuwa ameambiwa kitu.

Hermani alisimama mbele ya kile kigoda. Sikio lilikuwa linavuja damu.

"Shikamoo bibi."

Alingoja. Polisi naye alingoja. Na yeye ana bibi kwao.

Bibi Natalia alikuwa ameinua uso, anatazama paa. Moshi ulitoka mwembamba kwanza, ukasitasita, kisha ukasimama wima juu ya nyasi. Kule ng'ambo ya korongo watu walianza kurudi kanisani.

Marahaba haikuja. Hermani alipanda gari.