Udi wa Sanda

Siku yenyewe ilianza kama siku zote: jua kali, nguo kwenye kamba, na mawifi wawili wa nyumba ya jirani wakinuniana. Mkubwa alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Alimlea mdogo wake wa kiume mpaka akaoa, na sasa funguo za nyumba zilining'inia kiunoni mwa mke wa mdogo wake. Alishaapa kwamba mmoja atatoka, na si yeye.

Asubuhi hiyo alitoka msibani. Alikuwa ameifukiza sanda kwa udi, midomo ikisoma dua, ili marehemu aende kwa Mola wake akinukia. Kipande cha udi kilichobaki ni cha mwenye sanda, hakitumiwi na mwingine. Yeye akakifunga kwenye pindo la mtandio, akaja nacho nyumbani.

Akawasha makaa kwenye chetezo, akatia ule udi, akazifukiza shuka mpya. Safari hii hakusoma dua. Alimnong'onea marehemu tu, "Mfuate atakayelala humu."

Moshi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukajinyoosha, urefu wa mtu.

Aliogopa, lakini chuki ikamsukuma. Akazipeleka shuka kwa wifi yake kwa ulimi wa asali, eti zimnukishie chumba. Mwenzake akamuuliza tangu lini fisi akagawa nyama. Hata hivyo akapokea.

Alasiri mwosha akajilaza chumbani mwake kupumzika. Kitanda kilinukia. Akainusa shuka.

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, anachezea funguo.

"Nimekutandikia wewe, wifi," akasema taratibu. "Kizuri kula na nduguyo."

Akaenda zake.

Mwosha alitaka kuinuka. Miguu ikakataa. Kitu kilimkaza vifundoni. Kisha kiunoni. Kisha juu ya kichwa. Vile vile anavyowafunga maiti wake.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Udi wangu," ikanong'ona.

Watu walimkuta hai, macho yamemtoka, sauti imekwenda. Haijarudi hadi leo. Shuka ilimzunguka mwili mzima, imefungwa kichwani, kiunoni na miguuni, mafundo ya waosha. Mle ndani hakuna mwingine aliyejua kuyafunga.

Shuka zilichomwa. Chetezo kilitupwa. Chumba kikapakwa rangi upya.

Mke wa mdogo wake ndiye mwenye nyumba sasa, hana mpinzani. Kila asubuhi anaziosha funguo zake kwa sabuni, anazianika juani.

Zikikauka, zinanukia udi.