Mtani Aliyelipwa Hifadhini

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka wakati lori la ushirika lilipowashusha akina mama wa Yombo kwenye lango la hifadhi, kule nyuma ya vilima vya Pugu. Ulikuwa mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, njaa tupu, lakini shamba lao la pamoja lilikuwa limewashinda wenzao wote kwa mavuno. Zawadi yao ndiyo hiyo: kwenda kuangalia ndege na wanyama. "Si bora wangetupa sukari," walinung'unika, ila lori walipanda, na nyimbo wakaimba njia nzima.

Tunu hakuimba. Yeye hakuja kwa ajili ya ndege. Alimfuata shemeji yake.

Shomari alikuwa askari wa hifadhi ile. Alimwoa Zuena, dada yake Tunu, akaja kukaa naye humo humo msituni kwenye nyumba ya serikali. Masika ilipoisha akaleta habari Yombo: Zuena katoroka, kapanda gari la dereva mmoja, kaenda zake Morogoro. Na mimba ya miezi saba? Haya, waliomwamini waliamini. Mama yao alianguka kitandani siku ile na hakuinuka. Moyo ulimwambia mwanawe kafa, lakini angewekaje matanga, na mwanawe hana kaburi? Tunu akamwapia: "Nitamleta, mama. Mzima au maiti."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hata wewe umekuja kuangalia kima?" Shomari alicheka, vifungo vya shati lake la kazi vinang'aa.

"Zuena hajaleta salamu?"

"Angezileta kwenu, si kwangu."

Akawatangulia njiani. Waliona paa, waliona kanga wakikimbilia vichakani, waliona mbega juu ya miti na mashuka yao meupe mgongoni. Demetria, balozi wao wa nyumba kumi, alimwona mmoja amekaa kanuna, akasema huyo ni mume wake kasoro kofia. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kwenye mti mmoja mkubwa Shomari alisimama. "Tundu lile ni la ndege hondohondo. Jike akitaka kutaga huingia ndani, mlango unasilibwa kwa udongo. Unabaki ufa tu, dume ampitishie chakula."

"Na dume asipoleta?" Tunu aliuliza.

"Basi tena," akasema Shomari, akacheka peke yake.

Juu ya mti kitu kikalia. Kililia kama mtoto mchanga... kikanyamaza... kikalia tena.

"Hondohondo huyo," Shomari akasema. Hakuna aliyecheka safari hii.

Ndipo mtu akakohoa nyuma yao. Kikohozi kikavu, mara mbili, kisha, "Yarabi toba."

Tunu aligeuka upesi. Kikohozi kile alilala nacho kitanda kimoja utoto wake wote.

Kilikuwa cha Zuena.

Aliyekohoa alikuwa bibi kizee aliyejifunga kaniki. Kila mmoja alidhani kaja na mwenzake. Alinuka udongo mbichi. Mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele, alikuja akijikongoja kama mja mzito, na tumbo lenyewe hana.

"Mie Mnyamwezi," akasema. "Mtani wenu."

Kwetu Uzaramoni, mtu akifa, watani huja. Humwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombana na mumewe, na hakuna wa kuwakataza. Hawanyamazi mpaka mfiwa awape kitu. Lakini hayo ni ya msibani. Ukimlipa mtani, umeshakiri una maiti.

Bibi alikwenda moja kwa moja kwa Shomari. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana.

"Mume wangu, mgongo unaniuma... Mbona unafunga mlango, mume wangu?"

"Nyamaza, mtani." Jasho lilimtiririka Shomari.

"Mume wangu, usinilaze hapa, pana baridi..."

"Mtani, nimesema basi!"

"Mume wangu... saruji inaniingia mdomoni..."

Shomari akaichomoa saa yake ya mkononi, akamsukumia. "Chukua! Nimekulipa! Nyamaza!"

Bibi akaipokea.

"Ahsante, mtani," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe ya kizee. "Haya. Nani amekufa?"

Akina mama wote walimgeukia Shomari. Demetria alipiga ishara ya msalaba. Shomari alifungua mdomo, maneno yakakataa, akageuka akakimbia, msitu ukammeza. Walipomtafuta bibi kwa macho, naye hayupo.

Giza likaingia. Kisha, sauti ya Shomari kutoka msituni...

"Shemeji! Kanishika!"

Na sauti nyingine chini ya ile. Kama udongo wa maji unapigwa ukutani kwa kiganja.

Pwa.

Pwa.

Pwa.

Albano, dereva wao, alichukua tochi akimbilie huko. Tunu alimkamata shati. "Subiri." Akapaza sauti: "Zuena yuko wapi?"

"Nitoe kwanza!"

"Yuko wapi?"

Pwa. "Jikoni! Chini ya sakafu! Nilijua mimba si yangu, shemeji! Nitoe, naona giza!"

Tunu alijifuta machozi, akaliachia shati la dereva.

"Albano, washa gari."

"Mwanangu," Demetria alinong'ona, "ni binadamu yule."

"Na Zuena alikuwa nani?"

Walipanda. Sauti iliwafuata mpaka barabara kubwa, ikazidi kuwa nyembamba, mwisho hukuweza kujua ni mtu au mtoto mchanga.

Kesho yake polisi walivunja sakafu ya jiko, wakamkuta Zuena na tumbo lake. Kwenye mti mmoja waliona tundu limesilibwa upya. Walilibomoa. Ndani mlikuwa na shati la kazi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mwenyewe hamna.

Zuena akazikwa Yombo. Watani wakaja kutoka Vingunguti, na Tunu akawauliza habari za bibi yule. "Hatumjui," walisema. "Na sie mtu tusiyepata kumwona hatumwigi. Huyo bibi wako alimwonea wapi Zuena?"

Baada ya arobaini mama yao aliinuka kitandani, akaomba uji. Ila mpangaji wa chumba cha pili alihama. Alisema kila magharibi kuna mwanamume anaita kutoka ndani ya ukuta wa Tunu.

Tunu hakuhama. Adhana ikiisha huvuta kigoda, akakaa, akauegemea ukuta ule.

"Shemeji... nitoe..."

"Mtoto alikuwa wa nani?"

Kisha, kwa mbali, "Wangu..."

"Sikusikia," Tunu humwambia. "Sema tena."