Mwanamke wa Sauti ya Mombasa

Ngege alikuwa amebaki mmoja tu katika soko la samaki la Bull Ring, mjini Birmingham, amelala juu ya barafu ametoa macho, na mikono miwili ikamshika kwa pamoja: wa Kendi kichwani, wa Cleopas mkiani. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, na baridi ya siku hiyo ilikuwa ile ambayo mtu akipiga chafya inambidi ainame aiokote.

"Dada, huyu nimemwona tangu mlangoni," Cleopas akasema.

"Kuona si kushika. Mimi nina kichwa. Wewe una mkia."

Cleopas alimtazama: koti la kijani la kufika magotini, nywele zimesukwa hadi kiunoni, midomo imepakwa rangi ya zambarau. Kendi naye akamtazama kijana mrefu mwenye jaketi la kazi la buluu, kifungo cha pili hakipo, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Muuza samaki akawauliza kama wanataka samaki au wanataka kuoana. Ngege aliliwa jioni hiyo hiyo, kwa ugali, katika fleti ya Kendi kule Nechells, na walipofika kwenye mifupa hakuna aliyekumbuka nani alishika wapi.

Mwaka mmoja ukapita, mwaka wa raha. Kendi alikuwa muuguzi. Cleopas, aliyekaa Kingstanding, alizunguka nyumba za wazee akiwapa dawa, akiwapikia, akiwasukuma kwenye viti vya magurudumu. Tatizo lilikuwa moja tu. Wivu wa Kendi ungeweza kuchemsha birika bila umeme. Ule mtambo wa ramani ndani ya gari la Cleopas ulikuwa na sauti ya mwanamke, ikimwambia taratibu pinda kushoto, pinda kulia. Kendi aliuvumilia wiki mbili, kisha akaubadilisha uongee kiume. Alisema yule alikuwa anaelekeza kwa mahaba mno, wala hakuwa anatania.

Basi Jumapili moja Cleopas alikuwa jikoni kwa Kendi akikanda chapati, mikono imejaa unga hadi viwikoni, simu yake ikaita. Akaibonyeza kwa ncha ya kiwiko ili isikike kwa wote. Laiti angaliiacha iite mpaka ichoke.

"Cleo wangu," ikasema sauti ya kike, laini, ya kubembeleza, Kiswahili cha Mombasa kitupu. "Tiketi za Amritsar nishazipata. Na yule msichana wako wamwambia lini? Mimi sina miaka ya kungoja, ati."

Cleopas aliinyakua simu kwa unga wake wote, akatoka nayo hadi kwenye ngazi.

Kendi alibaki na mpini wa kikaango mkononi. Yeye alikuwa Mmeru wa Nkubu. Kiswahili chake kilikuwa cha kufanyia kazi, kimenyooka kama msumari. Tangu shuleni alisikia habari za wanawake wa Mombasa, kwamba mmoja wao akimwambia mwanamume "karibu" tu, huyo husahau njia ya kwao. Sasa mmoja alikuwa ameshuka Birmingham.

Cleopas aliporudi aliulizwa ni nani. Akasema ni mambo ya kazi.

"Kazi gani ya kukuita Cleo wangu?"

"Bebi, siwezi kusema. Nipe wiki mbili, nitakueleza yote."

Na kweli nusu yake hakuweza, maana kampuni ilikuwa imemwapisha asitaje jina la mteja nje ya mlango wa mteja. Nusu ya pili ilikuwa woga wake mwenyewe.

Chapati za siku hiyo ziliungua. Kendi aliitafuta Amritsar kwenye simu, akaona jengo la dhahabu katikati ya maji, akajua kabisa hapo ndipo watu huenda fungate. Alipolichukua jaketi la Cleopas kulishonea kile kifungo, kwa kuwa bado alimpenda na hilo ndilo lililouma, mfukoni akakuta kitambaa cha kichwa, rangi ya chungwa. Kesho yake wodini alimsimulia mwenzake Merveille, Mkongomani aliyezoea kuzima moto kwa petroli. Merveille akamweleza kwamba kitambaa cha kichwa hakijiingizi chenyewe mfukoni mwa mwanamume, na kwamba mwanamke mwenye akili halii, anafuata.

Jumamosi akafuata. Alivaa gauni jekundu alilonunua Sparkhill, viatu ambavyo visigino vyake vilikuwa virefu kiasi cha kuiona London, na manukato yaliyomfanya dereva wa teksi afungue madirisha yote manne na baridi ile. Gari la Cleopas likaenda, teksi ikaenda, hadi Handsworth, mbele ya jengo kubwa jeupe lenye kuba. Watu walikuwa wakiingia wamevaa hariri za kila rangi. Kendi akajiambia hii ni harusi, na mimi nimefika siku yenyewe.

Aliingia na hotuba tayari mdomoni. Mlangoni akazuiwa kwa upole na mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, kilemba cha samawati, aliyesema anaitwa Jatinder. Hapa viatu huvuliwa, akamwambia, na kichwa hufunikwa. Akampa kitambaa kutoka kwenye kapu lililojaa vitambaa, vyote rangi ya chungwa. Kendi alikitazama, na hotuba ikapungua aya moja. Alipovua visigino ikapungua nyingine.

Ilikuwa gurudwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, ambako kila anayeingia hulishwa, awe nani. Kabla hajauliza lolote Kendi alikuwa ameketi sakafuni katika mstari wa watu, sahani mbele yake. Na nani huyo anayekuja na ndoo ya dengu na upawa? Cleopas, kitambaa kichwani. Alipomwona Kendi, upawa ulisimama hewani.

"Cleo wangu," ikasema ile sauti nyuma ya Kendi, "mtilie huyo wa nguo nyekundu. Ama ana njaa, ama ana hasira, na zote mbili dawa yake ni dengu."

Kendi akageuka na macho ya kuua. Akakuta kiti cha magurudumu, na juu yake bibi kizee mdogo kama kifurushi, shali nyeupe, meno ya kuhesabika, miaka themanini na mitatu. Akachungulia nyuma ya kiti kumtafuta mwenye sauti. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi," bibi akasema. "Jaspal Kaur, mzaliwa wa Makupa, Mombasa. Baba yangu alikuwa seremala wa reli. Na wewe ndiwe yule anayeogopwa."

Hapo yakatoka yote. Siku ya kwanza Cleopas alipokwenda kwake aligonga goti kwenye ngazi, akazilaani kwa Kiswahili, na kutoka kitandani bibi akamjibu kwa Kiswahili kizuri kuliko chake. Tangu hapo alimfanya mwanawe. Jatinder, mwanawe wa kuzaa, ndiye aliyepanga kumpeleka Amritsar, mji wao mtukufu, na Cleopas naye akaombwa aende kusaidia, kwa sababu bibi alitaka achovye mwili katika lile bwawa takatifu kabla hajafa. Ila kina mama huoga upande wao, nyuma ya ukuta, na mwanamume haingii.

"Nina wanaume wawili, na hakuna hata mmoja wa kunishika mkono majini," bibi akasema. "Tiketi ni nne. Ya nne ni yako. Huyu kila siku namwambia mwambie, yuaogopa."

"Unaogopa nini?" Kendi akamuuliza Cleopas.

"Mama yako."

Mama yake Kendi alikuwa mzee wa kanisa kule Nkubu. Angemwachaje bintiye apande ndege na kijana ambaye ukoo wake haujafika kubisha hodi? Cleopas alikuwa amemwomba mjomba wake wa Kakamega apeleke wazee, nao wazee walikuwa bado wanagombania nani atakaa kiti cha mbele garini. Ndizo zile wiki mbili.

"Nilitaka kukuuliza mambo mawili kwa pamoja," akasema. "La India na lile lingine."

"Lingine lipi?" Alilijua. Alitaka kulisikia.

"Nikuoe, Kendi. Nimeshika ndoo ya dengu, lakini ndivyo."

Kendi aliinama, akaitazama sahani yake. "Nilikuja kukuaibisha mbele ya watu," akasema polepole.

"Najua. Umevaa nyekundu."

"Nisamehe. Na nimekubali. Lakini yule wa ramani abaki mwanamume."

"Abaki."

Bibi hakungoja machozi. Akadai simu. Wazee wa Kakamega watafika wakifika, alisema, lakini yeye pia ni mzee. Akabisha hodi Nkubu kutoka Handsworth kwa sauti ile ile, akasalimu, akasifu malezi ya binti, akaomba, akatania, nusu saa nzima. Mama aliyeanza kwa ukali wa mkutano wa kanisa alisikika akicheka mara mbili. Mwisho akakata shauri: wazee waje, posa itasikilizwa, na Kendi aende akamshike mama huyu mkono, mradi alale chumba kimoja naye. Kisha akataka kusema na bintiye peke yake.

Kendi akasogea pembeni na simu.

"Huyo mwanamke ni nani kwa Cleopas?" mama akanong'ona.

"Cleopas humhudumia tu, mama."

"Ana sauti ya Mombasa. Sikiliza, mwanangu. Hata dakika moja usimwache peke yake na kijana wako."

Kendi akamtazama bibi Jaspal, ambaye wakati huo alikuwa akimenya pipi kwa vidole vinavyotetemeka na kumtilia Cleopas kinywani.

"Simwachi, mama," akasema.